Upasuaji wa kupunguza uzito si sawa na kung'oa jino

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie upasuaji wa kupunguza uzito, ambao siku hizi hutajwa katika kumbi za harusi hapa Mombasa kana kwamba ni sawa na kung'oa jino.

Katika aina inayofanywa zaidi duniani, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, na sehemu hiyo hairudishwi tena. Sikatai kwamba upasuaji huu, ukifanywa na mabingwa waliouzoea, ni salama kuliko wengi wanavyodhani, kwani vifo ni vichache mno na wagonjwa wengi wa kisukari hupata nafuu kubwa. Hata hivyo, mshono wa ndani unaweza kuvuja, na damu inaweza kuganda miguuni ikapanda hadi mapafuni. Kwa hivyo homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo katika wiki za kwanza si mambo ya kungojea asubuhi, wala ya kutulizwa kwa chai ya tangawizi.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wanaokwenda kupasuliwa ng'ambo. Mgonjwa huhitaji vitamini na vipimo vya damu maisha yake yote, na mwanamke hushauriwa kuahirisha mimba kwa miezi 12 hadi 18. Jirani yangu alirejea bila hata karatasi moja ya kumweleza daktari wa hapa alichofanyiwa. Aliyempangia safari hakuwa amemtajia lolote kati ya hayo.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa