Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wakulima wa Bustani, Mwambao wa Magu

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Hesabu za chama atazisoma mhazini. Habari za mbegu, pampu na mauzo zimo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni. Muda wangu nautumia kwa jambo ambalo baadhi yenu mmenifuata kuniambia si kazi ya chama, nalo ni afya ya akili ya mkulima.

Nawaelewa wanaosema hivyo. Tulijiunga ili tununue pembejeo kwa pamoja na dalali asitupangie bei. Lakini hebu tuangalie mwanachama anakosaje usingizi. Ziwa lilipanda mwaka 2020, likapanda zaidi mwaka 2024 na kumeza bustani za wenzetu wa ufukweni, na mkopo wa mbegu ukabaki palepale. Viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017 hawajaondoka, na mahindi wanayokula ndiyo ugali wa nyumbani. Nyanya nazo zikiiva kwa pamoja ghuba nzima, tenga likifika mjini linauzwa kwa bei isiyorudisha hata nauli ya gari. Aliyekopa kwa kulitegemea tenga hilo ataanza kuumwa akiwa shambani, muda mrefu kabla hajaonekana hospitali. Kama chama kinahusika na tenga, kinahusika na mwenye tenga.

Mwaka huu tumekuwa na wasikilizaji, wanachama wenzetu mliowapendekeza wenyewe, wakafundishwa na mtaalamu wa afya ya akili wa wilaya. Wazo limetoka Zimbabwe. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Bibi hao walifundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Benchi kwetu lilikataa. Tuliliweka chini ya mwembe karibu na mizani, akina mama wakalitumia, wanaume wakalipita kama hawalioni. Nani atakaa pale mchana kweupe watu waanze kuuliza ana nini? Basi wasikilizaji wakaanza kuwafuata shambani. Mwanamume wa huku ukimwambia "tuongee" anajifunga, lakini mkiwa mnapalilia tuta kwa tuta, macho chini, atasema yote kabla ya saa nne.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameruhusu nisimulie bila jina, aliacha kumwagilia kitalu. Miche ya kabichi ilikuwa tayari kuhamishwa, ikanyauka. Jirani alidhani amesafiri, kumbe yuko ndani, hapati usingizi, hali chakula vizuri, kutwa anahesabu deni. Alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, akakopa mwingine kuufunika wa kwanza. Msikilizaji hakumpa mawaidha. Alichukua daftari, wakaandika kila deni na mwenye nalo, kisha wakaenda wote kwa mkopeshaji kuulizia leseni. Hiyo ni haki ya kila mmoja wenu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za watu. Yule hakuwa na karatasi yoyote, na sauti yake ilishuka sana. Deni la msingi likapangiwa awamu. Mwenzetu alikwenda pia kituo cha afya, akaambiwa ana sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, akaanza dawa.

Kuhusu dawa hizo, mtaalamu aliniomba niwaambie hili. Zinaweza kuchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona nafuu, na wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifanyi kazi. Ukipata nafuu pia usiziache mwenyewe, muulize aliyekuandikia. Anayetaka kwenda kwa mganga simzuii, maana hata mimi nina wazee nyumbani, ila kliniki asiiache. Kesi nzito zinapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na kwa ushauri wa simu kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.

Sasa lile lililoleta kelele. Kamati imeacha kusoma majina ya wadaiwa mbele ya mkutano. Mhazini ana wasiwasi kwamba marejesho yatalegea, na hoja yake ina uzito kwa sababu fedha ile ni yenu. Mimi naona mtu akisomwa hadharani mbele ya wakwe zake harudi na hela, anaacha kuja mikutanoni, na hapo tumempoteza yeye na deni lake. Wadaiwa sasa wanaitwa mmoja mmoja ofisini. Mtalipigia kura leo.

Kuhusu viuatilifu: wengi tunaviweka chini ya kitanda tukiogopa wezi. Watoto wako humo, na mtu mzima aliyezidiwa na mawazo usiku naye yuko humo. Chumba cha kulala si stoo. Fundi ametengeneza kabati la chuma lenye kufuli mbili, funguo moja kwa katibu, nyingine kwa mlinzi wa stoo. Unachukua dozi ya shamba la siku hiyo, unasaini, unarudisha kinachobaki. Najua ni usumbufu alfajiri, na katibu ameshaamshwa mara nyingi. Naomba tuendelee hivyo.

Familia mbili zilinijia kwa siri mwaka huu, kila moja ikiwa na ndugu aliyejaribu kujitoa uhai. Zote ziliogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kuwa kosa. Mimi si mwanasheria, lakini sioni pingu inavyomtibu mtu aliyechoka kuishi. Mpelekeni hospitali kwanza, usiku uleule, msisubiri kikao cha ukoo. Ukimhofia mwenzako, muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Wataalamu wanasema swali hilo halimpandikizii wazo, na usimwache peke yake.

Maombi ya kamati ni matatu: mafunzo ya wasikilizaji wapya kabla ya msimu wa vuli, kabati la pili kwa wenzetu wa ng'ambo ya mto Simiyu, na uamuzi wenu kuhusu majina ya wadaiwa. Karatasi za kura anazo katibu. Tutapiga kura ya siri, kisha mhazini ataendelea na hesabu.

Mwenyekiti