Daiodi kubwa zinapimwa kwa kilo na sufuria zilizotoboka

Mhariri,

Mimi huchomelea mageti na madirisha hapa Kondele, Kisumu, na jioni nachezea vitu vya stima nyumbani, bibi yangu ashazoea meza kuwa na waya kuliko sahani. Mashine yangu ni ya transfoma tu, inatoa AC, ule umeme wa kwenda na kurudi, nikataka kuigeuza DC, wa upande mmoja, ndio vijiti vya kuchomelea vya 7018 viwake bila kusumbua, na hapo unahitaji daiodi nne kubwa, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Nne tu! Nikazunguka maduka ya mjini, wengi wananionyesha zile ndogo za ampea 3 za redio, mpaka mmoja akaniuzia nne zimeandikwa ampea 200, nikatoa faida ya geti zima. Nimechoma vijiti vitatu, cha nne moja ikalia paa! na moshi. Nikaikata na msumeno, ndani kile kipande cha silikoni ni kama punje ya mtama. Na nilikuwa nimezipima dukani jameni, multimita ikasoma 0.5 upande mmoja na upande wa pili haipitishi, yaani nzima kabisa, kumbe multimita inakwambia daiodi ni nzima, haikwambii inabeba ampea ngapi.

Jamaa wa gereji akaniambia nitoe za altaneta, ile inayochaji betri ya gari. Hizo kwa chaja ya betri ni sawa, lakini nyingi za magari ya siku hizi zimetengenezwa zifunguke na kupitisha umeme kinyume zikifika volti ishirini na kitu ili kulinda gari, na mashine ya kuchomelea kabla hujagusa chuma inakaa volti 50 mpaka 80, sasa hapo si ni kuzipasua tu.

Nilizipata kwa skrapu, upande wa Kibuye. Mashine kuukuu, mwenyewe ashang'oa shaba yake, daiodi bado zimefungwa kwa bolti kwenye mabamba ya alumini, kila moja na mkia wa waya wa kusuka mnene kama kidole, na anazipima kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka! Nikachukua na mabamba yake ya kuzipoza, maana ukichoma kwa ampea 100 daiodi mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja inapoteza kama volti 1, hiyo ni joto la wati 200, ni kama umefungia balbu mbili za zamani za wati 100 ndani ya boksi. Nikaongeza feni ya kompyuta mbovu, na tangu hapo nachoma siku nzima.

Sasa ombi langu kwa watu wa skrapu, msizigonge na nyundo kutoa alumini, wekeni kando, mafundi tutanunua kwa bei nzuri kuliko ya kilo. Na wenye maduka, kama ni ya ampea 20 andika 20, tutainunua tu kwa kazi yake.

Mimi bado natafuta mbili za akiba, za volti 400 kwenda juu. Jumapili nitapita Kibuye tena.

Fundi wa mageti,
Kondele, Kisumu