Baraza la Mbao: Rangi au Steini?

Mteja anapotupigia simu kuhusu baraza lake la mbao, mara nyingi ameshachagua. Anataka kijivu, au nyeupe, au kahawia iliyokolea aliyoiona kwa jirani. Tunamsikiliza mpaka amalize, kisha tunamuuliza jambo ambalo hakulitarajia: baraza hili litakapoanza kuchakaa, uko tayari kulikwangua lote, au ungependa kuliosha tu na kulirudishia mkono mmoja, yaani tabaka moja la kupaka? Siku ya kwanza rangi na steini zote hupendeza. Tofauti yake utaiona zitakapochoka, na kwa sakafu iliyo nje zote mbili lazima zichoke.

Kwa asiyeizoea, steini ni kimiminika chenye mafuta au gundi nyepesi pamoja na chembe za rangi, na mbao hukinywa. Hupenya kwenye vinyweleo vya ubao na kubaki humo, tena mistari ya mbao huendelea kuonekana. Rangi hukauka juu ya ubao na kufanya ngozi. Ngozi hiyo ndiyo sifa yake, na juu ya baraza ndiyo udhaifu wake pia.

Ubao hautulii. Mvua ikinyesha hunywa maji na kutanuka, jua likiwaka hukauka na kunywea. Kwa urefu karibu hausogei kabisa, lakini kwa upana husogea kiasi kwamba mianya kati ya mbao huonekana mipana wakati wa kiangazi na myembamba wakati wa mvua. Ngozi ya rangi iliyokwisha kukauka haiwezi kufuata mwendo huo mwaka baada ya mwaka. Hupasuka ufa mwembamba, mara nyingi penye fundo, penye kichwa cha msumari, au kwenye ncha ya ubao. Maji huingia kwenye ufa huo, na sasa yako chini ya ngozi iliyopakwa ili kuyazuia. Yameingia kwa dakika, kutoka yatachukua siku. Rangi hufura, hubabuka, huanza kutoka vipande vipande, na ubao ulio chini yake hukaa na unyevu wa kutosha kuvu wanaoozesha mbao. Tumeshabandua rangi iliyokuwa bado inang'aa tukakuta ubao wa chini unabonyea kwa kidole.

Hapo mteja huuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona ukuta wa mbao uliopakwa rangi hudumu miaka mingi? Kwa sababu ukuta umesimama. Maji huuteremka na kwenda zake. Baraza limelala, jua la mchana hulipiga moja kwa moja, maji hutuama juu yake, na watu hulikanyaga na kuburuta viti. Kwa hiyo ushauri tunaoutoa mara nyingi ni kutumia vyote viwili: steini kwenye sakafu na ngazi, rangi kwenye nguzo na uzio wa pembeni. Hukaa vizuri pamoja, na kila kimoja kinafanya kazi mahali kinapoiweza.

Steini nazo zina daraja zake. Isiyo na rangi kabisa huacha ubao ulivyo, lakini jua hupita moja kwa moja. Miale ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Mvua huiosha, na ubao hugeuka kijivu. Chembe za rangi ndizo kivuli cha ubao, kwa hiyo kadiri steini ilivyo na rangi zaidi ndivyo inavyoukinga zaidi. Isiyo na rangi huhitaji kurudiwa karibu kila mwaka. Ile ya kati, inayoonyesha mistari ya mbao lakini ina rangi yake, kwa kawaida hukaa miaka miwili au mitatu juu ya sakafu, na ndiyo tunayoipendelea. Steini nzito inayofunika mistari yote hudumu zaidi, ila tunamwambia mteja wazi kwamba hiyo imeshaanza kufanana na rangi: nayo hufanya ngozi nyembamba, na nayo huweza kubanduka.

Mbao ngumu zenye mafuta yake, kama mtiki, zina shauri la peke yake. Hazinywi sana. Zipake mafuta mepesi ya mbao, mkono mmoja, kisha ufute yaliyobaki. Ukilazimisha mkono wa pili, unabaki juu unanata kama asali.

Kuna mabaraza ambayo tungeyapaka rangi bila kusita. Lile lililotengenezwa mara nyingi, mbao mpya zikichanganyika na za zamani, steini italionyesha kila kiraka, wakati rangi hufunika yote. Lile lililo chini ya paa halinyeshewi, kwa hiyo rangi huishi. Na anayetaka nyeupe au bluu iliyo wazi, rangi ndiyo humfaa zaidi. Kwake tunasisitiza praima, yaani rangi ya chini inayopakwa kwanza, inayofaa mbao za nje, rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu, na mchanga laini wa kuzuia utelezi uchanganywe kwenye mkono wa mwisho, kwa kuwa rangi iliyolowa huteleza vibaya.

Jambo moja tunamwomba kila mteja alipime kabla ya kukata shauri. Kutoka steini kwenda rangi ni rahisi: unasafisha, unapiga msasa, unapaka. Kurudi kutoka rangi kwenda steini ni kazi kubwa, kwa sababu steini haiwezi kupenya palipo na rangi. Lazima rangi yote itoke, hata iliyojificha kwenye mianya kati ya mbao, na huko ndiko fundi anakopoteza siku nzima amepiga magoti na kikwangulio. Ukiwa na mashaka, anza na steini. Mlango wa rangi utabaki wazi.

Kama baraza lako ni la zamani na lina matabaka ya rangi, usianze kupiga msasa kabla ya kupima kama ina madini ya risasi. Marekani iliizuia rangi ya aina hiyo majumbani mwaka 1978, na rangi za zamani za nchi nyingi zilikuwa nayo. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Maandalizi ndiyo yanayoamua. Miaka ya mwanzo tulikubali kupaka steini baraza jipya la mbao zilizotiwa dawa, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na wageni mwisho wa juma. Mbao zilikuwa bado na unyevu wa dawa ndani yake. Steini ilikaa juu, ikakauka mabaka mabaka, na baada ya miezi michache ilikuwa imetoka njia yote watu wanapopita. Tulilisafisha na kulipaka upya kwa gharama yetu. Tangu hapo hatugusi ubao kabla ya kuupima: tunadondosha matone machache ya maji juu yake. Yakinywewa ndani ya dakika kumi, ubao uko tayari. Yakibaki yamejikunja kama lulu, tunasubiri, hata ikiwa ni wiki kadhaa. Mbao mpya zilizotoka kwenye randa wakati mwingine ni kavu lakini uso wake umefungwa kwa ulaini, na hizo huhitaji msasa. Tumia namba 60 au 80. Wanaoendelea hadi 150 wakitafuta ulaini wa meza hufunga vinyweleo, na steini hukosa pa kuingia.

Pampu ya presha tunaitumia kwa tahadhari sana. Ikisogezwa karibu mno huchana nyuzi za mbao na kuacha manyoya. Brashi ngumu, maji na dawa ya kusafishia mbao hutosha kwa mabaraza mengi. Kisha ncha za mbao: ubao hunywa maji kwa kasi zaidi kwenye ncha zake zilizokatwa kuliko kwenye uso wake, na ndiko kuoza kunakoanzia. Zipe steini mpaka zishibe.

Paka wakati jua haliupigi ubao moja kwa moja, na uhakikishe hakuna mvua kwa siku nzima inayofuata. Paka kwa kufuata urefu wa ubao, mbao mbili au tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, usiache katikati. Baada ya dakika kumi na tano hivi, futa kila kisichonywewa.

Na matambara uliyofutia mafuta, tafadhali, usiyakunje wala kuyarundika kwenye kona. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea ndani ya rundo huweza kuwasha moto bila kiberiti. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yakauke kabisa, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Tumekataa kuondoka kwenye nyumba kwa sababu ya tambara moja lililokuwa limeanguka nyuma ya ngazi.

Ukitaka tukushauri, kabla ya kutupigia fanya jaribio la matone sehemu tatu: panapopitwa sana, penye kivuli, na pembeni. Tupigie na picha za baraza, juu na chini yake. Ya chini hasa ndiyo tunayoanza kuitazama.