Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kituo, Mto na Mfuko Wetu, Hale

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Waliovuka kutoka ng'ambo ya mto, poleni na tope.

Hesabu atazisoma mhazini baada yangu, na karatasi zimebandikwa mlangoni tangu jana, kwa hiyo habari za ada sitazigusa. Wanachama wawili tumewazika mwaka huu wa 2024. Rambirambi zilifika nyumbani kwao. Muda uliobaki nautumia kwa habari ya kituo cha umeme wa maji cha hapa Hale, kwenye mto Pangani, maana ndicho kilichotushughulisha mwaka mzima.

Kila mkutano linazuka swali lile lile: umeme unazalishwa kwetu, sisi tunapata nini? Swali hilo nimelikuta, sikulianzisha mimi. Kituo cha kwanza kwenye maporomoko ya Pangani kilijengwa miaka ya 1930, umeme ukaenda Tanga mjini na kwenye mashamba ya mkonge. Cha Hale kikafuata mwaka 1964, megawati 21. Mwaka 1995 kikaanza kile kipya cha Pangani, megawati 68. Maji ni yale yale: yakishazungusha mitambo ya hapa chini ya ardhi hurudi mtoni, yakateremka kwenda kuzungusha ya kule. Wazazi wetu walipita chini ya nyaya hizo usiku na koroboi mkononi. Wengi humu tumewasha taa juzi tu, ilipokuja miradi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, na ada ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000.

Kuhusu ajira niseme jambo ambalo najua halitapendeza. Kituo cha maji kikiwa kizima hakina kazi ya watu wengi. Waendeshaji wa zamu, mafundi, walinzi, wasafishaji, basi. Kijana akija kwangu na cheti cha kidato cha nne nimsemee huko, namwambia apande mahindi kwanza. Fedha huonekana hapa kwetu mtambo unapougua. Mafundi wanakuja, vyumba vinajaa, bodaboda hawalali. Mama lishe mmoja, mwanachama wetu, aliniambia yeye hali ya mtambo anaijua kwa sufuria: wageni wakiwepo anapika wali kilo nane, wakiondoka anarudi kwenye kilo mbili na maandazi ya asubuhi. Sijapata mchumi aliyenieleza vizuri zaidi ya hapo.

Ndiyo maana kamati iliacha kuandika barua za kuomba ajira, ikageukia kazi inayorudi kila mwaka, nayo ni kufyeka mkuza, yaani ule ukanda wa ardhi unaopita chini ya nyaya za umeme. Majani hayana mgao. Vijana wetu 14 walifyeka chini ya mkandarasi mmoja mdogo. Kazi ilikwisha Julai, fedha zikaingia Desemba, na katikati hapo mmoja wao aliuza baiskeli. Mkandarasi ana lake la kujibu, ila na sisi tulikubaliana naye kwa mdomo, chini ya mwembe, bila hata karatasi. Mwaka ujao kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti na namba ya mlipakodi, kiombe kazi kwa jina lake. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, imerejea. Fungu la vijana ni asilimia 4 na la wanawake ni 4, mbili zilizobaki ni za wenye ulemavu. Bila usajili tutaendelea kuisikia redioni.

Sasa pampu ya kumwagilia, iliyochukuliwa na mto. Najua wengi mmekuja kwa ajili yake.

Jioni ile ya Oktoba vijana wa bustani ya mboga waliiweka kwenye kisiwa cha mchanga, kwa kuwa pale mpira wa kuvuta maji haukauki. Giza linapoanza kuingia watu wanawasha taa kila mahali, mitambo inaongezewa maji, na mto chini ya kituo hupanda. Mvuvi mzee alikuwa ng'ambo akawapigia ukelele. Alishaona jiwe kubwa limelowa hadi begani. Injini ilikuwa inanguruma, hawakumsikia. Waliokoa mpira na dumu la petroli. Pampu tuliipata siku ya tatu, imejaa mchanga, kambale mdogo amelala penye feni. Bango la kuonya lipo na limeandikwa Kiswahili. Sitaki mtu asimame hapa kulaumu kituo. Tushukuru aliyelipa ni pampu, kwa mto wenye mamba.

Kamati imeamua pampu isiwekwe tena chini ya mstari wa lile jiwe, na saa kumi jioni iwe imeshapandishwa. Bustani nayo lazima iwe na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kama sheria ya mwaka 2009 inavyotaka. Kituo kina kibali chake. Maji yakipungua, anayesikilizwa ni mwenye karatasi.

Wengine mmeniuliza kama vituo vyetu vitafungwa, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji limeanza kuzalisha umeme. Hofu hiyo ina msingi. Mtambo mmoja wa kule ni megawati 235, wakati Hale na Pangani kwa pamoja ni 89. Machi tulisikia mitambo kadhaa ya maji nchini imezimwa kwa muda kwa sababu umeme umezidi, na masika yalikuwa makubwa. Maoni yangu ni kwamba umeme unaozalishwa karibu na mtumiaji haupotei sana njiani, na Tanga ina viwanda, kwa hiyo sioni wa kuvitupa. Lakini mimi ni mkulima wa machungwa, msije mkaninukuu mjini.

Naomba mkutano uamue mambo mawili kabla ya chakula: fedha ya kukarabati pampu itoke mfuko upi, na nani watatu watafuatilia kibali. Mhazini, karibu.