Sarafu ya zamani haisuguliwi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wazazi, na pia watu wazima ambao bado wana kopo la sarafu walizokusanya utotoni. Msizisugue. Mtoto akikuta kwenye chenji sarafu yenye mwaka wa kabla mama yake hajazaliwa, hamu ya kwanza inayomjia ni kuing'arisha. Hutafuta limau, siki, majivu au dawa ya meno, na ndani ya dakika tano anakuwa ameondoa kitu kilichojijenga kwa miaka mingi na ambacho hakirudi tena.

Ile kahawia ya sarafu ya shaba si uchafu. Ni shaba yenyewe iliyoungana na hewa ikajifanyia ngozi nyembamba, na ngozi hiyo ndiyo inayokinga shaba iliyo chini yake. Asidi ya limau huimenya. Ndiyo maana sarafu iliyooshwa hivyo hutoka na wekundu mbichi, kama kidonda kilichobanduliwa gamba, kisha huanza kufanya madoa. Majivu na dawa ya meno vina ubaya wa aina nyingine, kwa kuwa ndani yake mna chembe ngumu. Igeuzegeuze sarafu hiyo chini ya taa moja utaona mikwaruzo myembamba kama nywele, imefuata njia kilikopita kitambaa. Mnunuzi mzoefu huiona mikwaruzo hiyo kabla hata ya kusoma mwaka, na bei hushuka hapohapo. Sarafu za madini ya fedha nazo hufanya weusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani. Weusi huo pia uacheni.

Ikiwa sarafu ina udongo, ilazeni kwa siku nzima ndani ya maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yawe maji safi, mbadilishe maji mara mbili tatu, kisha muiweke juu ya kitambaa laini ijikaukie. Msiipanguse. Ikiwa ina gundi, asetoni halisi huiyeyusha bila kugusa madini. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu mara nyingi huwa na manukato na mafuta. Kazi hii ni ya mtu mzima: chombo cha kioo, dirisha wazi, moto mbali.

Mtoto afundishwe kuishika sarafu ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitu laini ili ikidondoka isiumie. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye sarafu ambayo bado inang'aa huweza kujichora humo moja kwa moja.

Makopo mengi ya utotoni huharibikia kwenye kuhifadhi. Mifuko laini ya plastiki ya PVC, ile yenye harufu kali ikiwa mpya, huchakaa ikatoa kemikali zenye klorini, na sarafu ikapata utando wa kijani unaonata. Asetoni huondoa utando huo ukiwahiwa mapema. Ukichelewa, huwa umekwisha kuila sarafu. Tumieni mifuko ya plastiki za aina nyingine, poliesta au polipropilini. Msizifunge kwa mpira wa kubania, kwa maana mpira una salfa na huacha mstari mweusi juu ya fedha. Mkiona unga wa kijani kibichi unaomomonyoka na kurudi kila unapoondolewa, itengeni sarafu hiyo na nyingine, kisha iwekeni pakavu. Unga huo hutokana na klorini iliyoingia ndani ya shaba, na unyevu ndio unaouchochea.

Sasa furaha yenyewe, ya kutambua kilichopatikana. Anzeni na ukingo. Robo dola ya Marekani ya matumizi ya kawaida iliyoandikwa 1964 au kabla ni nyeupe ukingoni kote, kwa kuwa asilimia 90 yake ni fedha, na ina uzito wa gramu 6.25. Za kuanzia 1965 zina tumbo la shaba. Mstari wake mwekundu unaonekana wazi ukingoni, na uzito ni gramu 5.67. Shilingi ya Uingereza ya 1919 ina asilimia 92.5 ya fedha, ya 1920 ina nusu tu, na ya 1947 haina hata chembe. Mwaka mmoja tu hubadilisha kila kitu, kwa hiyo mzoesheni mtoto kusoma mwaka kwa lenzi, na alama ndogo zilizo karibu nao pia. Kwenye sarafu za India, kitone chini ya mwaka ni cha kiwanda cha Noida, nyota ni ya Hyderabad, almasi ni ya Mumbai.

Baada ya hapo, sumaku, ila ifungwe kwenye kitambaa isikwaruze. Shaba na fedha hazinaswi. Chuma hunaswa hata kikipakwa shaba. Peni moja ya Uingereza ya 1991 hainaswi, ya 1993 inanaswa. Sumaku huokoa pesa vilevile: mwaka 1943 senti za Marekani zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na chache mno zikatokea za shaba kwa makosa. Za chuma zilizopakwa shaba ili kudanganya ni nyingi, nazo zote hunaswa. Isiponaswa bado ichunguzeni tarakimu 3, maana wako wanaochonga 8 ya senti ya shaba ya 1948 ili ionekane 3.

Mwisho, kila mfuko uwe na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: nchi, mwaka, uzito, na siku sarafu ilipotokea kwenye chenji. Siku hiyo iandikwe jioni ileile, kwa mkono wa mtoto mwenyewe.

Wako,
Mkusanya sarafu