Kwa nini kuosha ghorofa kihambani ni ghali

"Mmenichaji kama vile mnapaka rangi upya." Ujumbe wa namna hii tunaupata kila ikikaribia Krismasi, hasa kutoka kwa wateja wa Dar wanaotaka kuikuta nyumba ya Moshi inang'aa. Wiki hii umeingia tena, basi sisi waoshaji wa kuta za nje za nyumba tujibu hadharani.

Nyumba ya kihambani, yaani kwenye shamba la familia la Wachaga, iwe Machame au Kibosho, imezungukwa na migomba. Ukuta haukauki vizuri, na upande usiopata jua unaota ukijani, kisha weusi chini ya madirisha na gata. Ukijani huo una uhai. Ukiupiga maji matupu unapotea machoni tu, masika ikija umerudi. Sisi tunapuliza klorini iliyozimuliwa na kuchanganywa na sabuni, kuanzia chini kwenda juu ili isichore michirizi. Tunaiacha dakika 10 hadi 15, halafu tunasuuza kwa presha ndogo kutoka juu. Haitakiwi ikaukie ukutani, ndiyo maana asubuhi mtatukuta upande wa magharibi. Maua ya mama tunayalowesha kabla na baada. Migomba pia, wazee wa kihambani hawana utani na mgomba.

Sasa msimamizi wa nyumba, ili abane hela, anaita vijana wa kuosha magari. Presha ya mashine yao inaweza kuzidi baa 100 (baa ni kipimo cha presha). Kijana amesimama chini, maji hayafiki juu, anapandisha presha. Akipata ngazi, anaisogeza pua ya mashine mpaka karibu iguse ukuta. Marangu tuliitwa baada ya kazi ya hivyo: rangi imebanduka mabaka hadi plasta, maji yamepenya kwenye fremu za alumini, dari ya juu imevimba. Hatukuwa na cha kuosha. Mwenye nyumba akamlipa fundi rangi, akamlipa fundi jipsamu, na bado akatuuliza mbona sisi ghali!

Kinachopandisha bei ni urefu. Kihambani ni mteremko na udongo laini, ngazi haitulii, kwa hiyo tunafunga jukwaa na kila aliye juu anavaa mkanda. Kulifunga na kulifungua kunaweza kula muda kuliko kuosha kwenyewe. Maji ya mfereji yana mchanga unaoua pampu, hivyo tangi tunapanda nalo kwenye gari, na bei ya mafuta mnaijua. Anayekupa nusu ya bei yetu, mwulize atasimama wapi.

Wa Desemba tupigieni Novemba, na mtume picha za pande zote nne. Ya mbele peke yake haitusaidii, kazi iko nyuma.