Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: oda zikihama, mshonaji asiende mikono mitupu

Mheshimiwa Waziri,

Kitambaa na zipu za suruali nyingi zinazoshonwa katika viwanda vya EPZ (eneo maalum la kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje), Athi River, hutoka Asia kupitia Mombasa. Kinachonunuliwa hapa hasa ni dakika za mshonaji. Mnunuzi wa Marekani alivutwa na AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyosamehe ushuru bidhaa nyingi za Afrika, kwani bila msamaha huo suruali ya pamba hutozwa ushuru wa kawaida wa asilimia 16.6. Oda za namna hii huja haraka na huondoka haraka. Mfumo wa kimataifa wa mgao wa nguo, uliowekea nchi kikomo cha nguo zinazoweza kuuza nje, ulipokwisha Januari 1, 2005, viwanda kadhaa vya EPZ vilifungwa. Muda wa AGOA ulipoisha Septemba 30, 2025, hofu ilikuwa ileile.

Kila msukosuko ukija tunaambiwa mishahara ndiyo inayofukuza oda. Tupige hesabu. Tuseme laini, yaani safu ya mashine zinazoshona suruali hatua kwa hatua, ina washonaji 40, kila mmoja saa 8: dakika 19,200. Suruali ikikadiriwa dakika 20, laini inayofikia asilimia 50 ya uwezo wake hutoa suruali 480; ikifikia 65 hutoa 624. Mishahara ya siku haijabadilika, ila gharama ya kushona kila suruali imeshuka kwa karibu robo, na hakuna aliyekatwa hata shilingi.

Dakika hupotelea wapi? Zipu zimekwama bandarini ilhali kitambaa kimeshakatwa. Majora ya rangi moja yanatofautiana kidogo, mguu wa kushoto haufanani na wa kulia, kazi inarudi mezani. Stima inapotea, boila inapoa, na hata ikirudi wapiga pasi wanangoja mvuke. Mashine ya kuunga mshono wa ndani wa mguu ikiharibika na spea hakuna, mafungu yanarundikana hapo na washona viuno wanakaa bure. Kisha tageti ya saa inapandishwa kufidia, hadi kwenda msalani kunakuwa shida. Kupunguza kima cha chini cha mshahara hakutengenezi hata moja kati ya hayo.

Linalotuuma zaidi ni kandarasi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi 1 na alipe angalau siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Lakini mshonaji hupewa kandarasi ya miezi michache, kulingana na oda. Ikiisha anakaa nyumbani, anaitwa tena, anaanza upya. Oda zikihama, kiwanda husema hakikumfuta mtu. Kandarasi imeisha tu. Miaka yote ya kushona inahesabiwa sifuri.

Tunaomba kanuni isemayo kwamba mapengo kati ya kandarasi za kiwanda kimoja hayavunji utumishi, na kwamba kukosa kuongezewa kandarasi kwa sababu ya uhaba wa oda ni kupunguzwa kazi. Wakaguzi wako walinganishe nambari za vitambulisho katika rejista za kandarasi. Wataona walewale wakirudi.

Tena, kiwanda cha EPZ husamehewa kodi ya mapato miaka 10 ya kwanza. Shauriana na wenzako wa Hazina na Viwanda, ili katika miaka hiyo kila kiwanda kiweke akiba ya malipo ya kupunguzwa kazi kwenye akaunti ambayo mwenye kiwanda hawezi kuigusa peke yake. Cherehani hupakiwa kwenye kontena kwa siku chache. Akiba hiyo ibaki Kenya.

Wasimamizi wa laini na wawakilishi wa washonaji, Athi River